Marehemu Hakulowa

Jumanne, 2 Aprili 1974. Korogwe.

Mvua. Paa la studio limekubali yaishe. Bati moja liliondoka na upepo asubuhi, likaruka juu ya mabanda ya soko na kutua mbele ya watu wote, hasa mbele ya Isaka. Pazia langu la bahari, nililolichora kwa mkono wangu mwenyewe, sasa lina maji ya kweli. Wamekosekana samaki tu.

Isaka ni mpiga picha mwingine wa mji huu. Sisemi mshindani wangu. Mimi Lukasi Hiza nimepiga picha Tanga, nimepiga Mombasa, na siku moja bandarini nimemshikia mwavuli Mzungu aliyekuwa anapiga picha meli. Isaka hajavuka Muheza. Ila ana umeme wa Hale, ana taa, ana pazia lenye ndege kubwa, na ukikaa mbele yake unatoka kama abiria wa ndege iliyoanguka jana. Alikuja na bati langu kichwani. Akanisalimia kwa adabu zote, halafu akauliza, wateja wake wakisikia, kama siku hizi napiga picha au nafuga bata.

Nikacheka. Mtu aliyetembea dunia hucheka. Nikamwambia bati nimelitoa makusudi. Nikasema huko Nairobi watu wa maana hawapigwi picha ndani tena, wanapigwa nje, mvuani, uso unatakata na vumbi halionekani. Nilikuwa nayatunga maneno huku nikiyatoa, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshayaamini.

Basi ndiyo mpango huo. PICHA ZA MVUANI! Kamera inakaa chini ya mwavuli, mteja anakaa kwenye mvua. Nimeandika kibao. Rangi imechuruzika lakini inasomeka ukiinamisha kichwa kidogo.

Jumatano, 3 Aprili.

Siku ya kwanza ya mapinduzi. Wamekuja maharusi. Poda ya bibi harusi ilifika kifuani, wanja ukafika kidevuni. Mama mkwe alipoiona sura ile akauliza ni nani aliyempiga mtoto wa watu. Akaja kijana mwenye suruali ya bugaluu. Ile miguu mipana ikajaa maji kama ndoo, akashindwa kutembea, tukamsaidia kuimwaga.

Nikasafisha filamu mchana. Kamera imefanya kazi yake. Tatizo ni sura. Wote wametoka kama watu waliookolewa mto Pangani. Isaka alizitazama picha moja moja kwa huruma, akauliza kama wote wameshapatikana au wengine bado wanatafutwa.

Nilikuwa najiandaa kukishusha kibao alipokuja mtu mzima mmoja, mpana wa mabega, mpole, kasimama kichwa upande akisoma. Anaitwa Abdi, mkulima wa Sindeni. Akauliza kama ni kweli napiga picha kwenye mvua. Akasema ameanzia kwa Isaka, na Isaka kamwambia kazi hiyo haiwezekani.

Haiwezekani! Nikakubali kabla sijajua ni kazi gani. Ni kwamba mama yake anataka picha, palepale nyumbani kwake, uani, na haiwezi kungoja kiangazi kwa sababu Jumatatu linakuja lori la kuwahamishia kijiji kipya cha ujamaa. Nikauliza watakaopigwa ni nani. Akasema mama na baba. Nikamwambia picha ya wazee wawili kwangu ni kama kunywa maji. Akanishukuru. Alipofika barabarani akageuka, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake. Wakulima wana haya.

Alhamisi, 4 Aprili. Sindeni.

Nimekuja na basi hadi liliponasa, na trekta hadi lilipochoka, na miguu iliyobaki. Njiani nyumba hazina paa. Watu wametoa milango yao, wanaibeba kichwani kuipeleka barabarani kilipo kijiji kipya. Nilipishana na mlango unatembea peke yake kwenye mvua. Nikaupisha. Chini yake alikuwepo mama mmoja, akanisalimia.

Mwenyekiti wa kijiji kipya, Ndugu Semboja, ana sauti iliyokauka kwa hotuba na moyo mzuri. Akanieleza mambo yalivyo. Wote wamekubali kuhama isipokuwa Bibi Chausiku, mama yake Abdi. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo. Majirani wameshaondoka wote, na masika yakikolea korongo linajaa na hakuna atakayevuka kwenda kumpelekea hata chumvi. Atabaki peke yake na ukuta unaoyeyuka. Semboja hataki kumbeba bibi kizee kwa nguvu, anasema na yeye ana mama. Lakini lori ni la Jumatatu, na likishaondoka halirudi.

Nikamwambia aniachie mimi. Wazee wananipenda.

Bibi Chausiku ni mdogo kama kikapu, macho makali. Nikampa shikamoo. Akaniuliza mimi ni mtu wa wapi, na nilipotaja Bumbuli akauliza kama huko milimani chakula kimekwisha hata Wasambaa wameanza kushuka na visanduku. Nikamjibu tumetumwa kuja kuwafundisha Wazigua kuoga, na mvua tumekuja nayo wenyewe. Akacheka hadi akashika mlango. Basi utani ukawa umeingia, na mtani akishaingia nyumbani kwa mtani wake hatolewi. Nikala muhogo wake bila kukaribishwa.

Nikauliza Mzee yuko wapi tupange mkao. Akaninyooshea mkono nyuma ya nyumba. Nikatazama. Palikuwa na kaburi.

Mzee Kibwana amefariki tangu kipupwe kilichopita. Abdi akawa anatazama miguu yake.

Nikasema kwa upole kwamba kamera humchukua aliyepo. Nikaeleza kisayansi, mwanga unaingia vipi, unageuka vipi. Nilieleza vizuri sana. Bibi akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema:

"Siendi na lori nikamwacha Kibwana mvuani peke yake. Hajawahi kupigwa picha maisha yake. Akiwa kwenye picha nitambeba. Bila picha, nakaa naye hapahapa."

Kisha akanikumbusha jambo ambalo kila mtu huku analijua. Siku ya matanga alikuja mtani, Msambaa kama mimi, akavaa nguo za marehemu, akakaa kwenye kigoda chake, akachechemea kama yeye, akawatukana wakwe kwa sauti yake, watu wakawa hawajui wacheke au walie. Siku ile mtani ndiye aliyekuwa Kibwana. Sasa leo kuna tatizo gani?

Hapo nikapata wazo! Nitavaa nguo za marehemu, nikae pembeni ya mjane wake, niinamishe uso chini ya kofia, Abdi abonyeze. Bibi anapata mume wa kubeba, lori linapata abiria, mimi napata jina Handeni nzima. Wazo ni langu. Bibi alilitaja tu kwanza.

Abdi akanivuta pembeni. Akasema kuna utaratibu. Mtani akimaliza kumkalia marehemu, mjane humkabidhi kuku kwa mkono wake na kumwita kwa jina lake huyo mtani, ndipo marehemu huinuka na kumwacha. Asipofanyiwa hivyo hainuki. Nikamwuliza kama anadhani mimi nimezaliwa jana. Nimekula kuku wa watani tangu sina meno.

Ijumaa, 5 Aprili.

Nimelala kwa Semboja. Abdi alipotoka msikitini tukavuka korongo, maji ya magoti.

Nyumba ya Bibi inavuja kila mahali. Ukutani kulikuwa na msumari, juu ya msumari tundu kubwa kuliko yote, na kwenye msumari koti la kaki la Mzee Kibwana. Maji yalikuwa yanashuka kama bomba. Nikalitoa koti. Kavu. Kavu na vuguvugu, kama koti la mtu aliyetoka mara moja kwenda kunawa miguu. Kitambaa cha zamani hicho, hakishindwi na kitu. Nikavaa kanzu, koti, kofia, nikatoka uani nikakaa kwenye kigoda.

Kulikuwa na mbwa jikoni. Abdi anasema hajawahi kutoka jikoni tangu siku ya mazishi. Akatoka. Akaja akalala juu ya miguu yangu. Wanyama wananipenda.

Bibi akakaa upande wangu wa kulia, khanga zake zimemganda mwilini kwa maji. Mvua ilikuwa nzito, naiona kwenye migomba, naisikia kwenye majani. Kwenye kofia yangu siisikii. Nikadhani masikio yameziba.

Abdi nilimfundisha kazi. Kamera yangu unaitazama kwa juu, kwenye kioo, umeishika kifuani. Nikamfungia mwavuli begani. Akatazama kwenye kioo. Akainua macho akanitazama mimi. Akarudi kwenye kioo. Akawa anafanya hivyo tu, juu chini, kama kuku anayekunywa. Kisha akasema taratibu, kwa kile kioo, siyo kwangu:

"Shikamoo, baba."

Nikamwambia tunapiga picha, hatusalimiani. Akabonyeza. Nikamwonya kwamba picha ikitikisika ni juu yake.

Nikavua nguo za watu nikazirudisha msumarini. Bibi akatoka na kuku. Jike la madoa, anayetaga, na ndiye pekee aliyebaki katika mji ule mzima. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Sasa mimi nina kasoro moja, moyo wangu ni mkubwa mno. Nichukue kuku wa mwisho wa mjane? Mimi, niliyekula samaki Mombasa kwenye sahani za kaure? Nikakataa. Akaning'ang'aniza, nikakataa kwa sauti kubwa zaidi, nikasema nimefanya kwa ajili ya taifa. Abdi akawa ananikonyeza kwa macho yote mawili. Nikadhani yameingia maji.

Abdi akatumbukiza mguu korongoni akasema maji yanapanda. Tukakimbia. Nyuma yetu Bibi alikuwa bado amesimama uani na kuku wake, wala hakuniita. Ni kweli hakuniita. Nilipofika ng'ambo nikajikuta nachechemea mguu wa kushoto. Jiwe, bila shaka.

Jumamosi, 6 Aprili. Korogwe.

Nimesafisha ile filamu. Naandika nilichokiona kama kilivyo, mimi ni mtu wa sayansi.

Bibi Chausiku ametoka safi. Mvua imemfunika yote, michirizi myeupe kutoka juu hadi chini. Kwenye kigoda kuna mtu. Juu ya mtu huyo hakuna mchirizi hata mmoja. Mvua inaishia juu ya kofia yake na kuanza tena chini ya miguu yake, kama mtu aliye ndani ya kabati la vioo. Ufundi! Isaka na taa zake hawezi hata akizaliwa upya.

Kuna madogo. Mimi nina masharubu membamba, ya kisinema, nayatunza kwa kiwembe. Mtu huyu ana ndevu nyeupe. Hilo linaelezeka, dawa yangu imepitwa na wakati, na dawa ikichakaa inapausha nywele. Mguu wake wa kushoto ameunyoosha mbele kama ubao. Nilichoka kukaa, labda. Halafu nilipanga niiname uso usionekane, na huyu hakuinama. Ananitazama. Hilo maelezo yake bado nayatafuta.

Nikaichukua picha nikakimbia kwa Isaka kabla haijakauka. Aliishika karibu na taa. Akaitazama, akanitazama, akatazama viatu vyangu. Akauliza nimekujaje. Nikasema kwa miguu. Akatazama nje. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba soko halikuonekana. Akagusa bega la shati langu kwa kidole kimoja, akakirudisha kidole na kukifuta.

Hakutoa mzaha hata mmoja! Tangu nimfahamu, ni leo tu. Nimeshinda!

Jumapili, 7 Aprili. Jumapili ya Matawi.

Maandamano ya matawi kuelekea kanisani, mvua juu yetu. Matawi yalilowa, kwaya ikalowa, mchungaji akawa anachuruzika kama mteja wangu. Mimi hapana. Nilikuwa katikati ya watu, suti yangu imenyooka. Wa kushoto kwangu analoana, wa kulia analoana. Mama mmoja akaniuliza nimepaka nini. Nikamwambia ni mtindo wa kutembea tu, unatakiwa kupita katikati ya matone.

Watoto wamenipa shikamoo njia nzima. Kanisani wazee wa usharika wakasogea, wakanikalisha benchi lao la mbele. Nina miaka thelathini na kitu. Nikakaa. Heshima ikija haikataliwi.

Mambo mengine ya leo. Mzee mmoja alitoa kikopo cha ugoro nikajikuta nimeshanyoosha kiganja. Sijawahi kunusa ugoro maishani. Ulikuwa mtamu! Halafu mbuzi wa mtu aliingia kwenye mahindi pale nyuma ya kanisa nikamkaripia kwa Kizigua, maneno marefu, yamepangika, hata Wazigua waliokuwepo wakageuka. Kizigua changu ni cha kununulia mahindi tu. Naona akili yangu imefunguka.

Na kuna suala la jembe. Tangu asubuhi nina hasira na Abdi kwamba ameazima jembe lenye mpini wa mkwaju na hajalirudisha nyuma ya mlango. Mimi sina jembe. Nyuma ya mlango wangu pana mwavuli tu. Lakini kijana yule hana adabu na vyombo vya watu, nitamwambia.

Jumatatu, 8 Aprili. Sindeni.

Basi limepita leo. Kondakta alinishika mkono kunipandisha, akamwinua msichana anipishe kiti, akaniuliza jina aandike tiketi ya mzigo wa kamera. Nikafikiri kidogo. Lilikuja. Lukasi. Lilichelewa tu njiani.

Lori la kuhamisha lilikuwa ng'ambo hii ya korongo, limewashwa. Dereva anapiga honi. Semboja amesimama kwenye tope, hana sauti tena, anaongea kwa mikono. Maji yalifika kiunoni yakawa yanaongezeka, rangi ya chai. Kila kitu cha Bibi kilikuwa kimeshavushwa na Abdi. Chungu, vigoda, mlango. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa uani kwenye nyumba isiyo na mlango, kuku mapajani.

Nikavuka kumpelekea picha. Abdi alinifuata, akatokea amelowa hadi shingoni. Mimi, nasema kama ilivyo, nilitoka na soksi kavu. Nikamwambia arudishe jembe. Akalia. Mtu mzima yule, mabega yote yale, akalia kama mtoto, akasema atalirudisha, lilikuwa kwa jirani.

Bibi akaishika picha kwa ncha za vidole. Nilijiandaa kueleza habari ya dawa iliyopitwa na wakati. Hakuuliza. Alisema Kibwana ametoka vizuri, ila amekonda. Akaifunga picha kwenye pindo la khanga. Halafu hakuinuka. Akanyanyua kuku na kunitazama, na safari hii hakukuwa na utani kwenye macho yake. Akasema:

"Mjukuu wangu wa milimani, sikiliza. Picha ni karatasi. Aliyekaa kigodani Ijumaa hajainuka, nami nakuona unavyotembea. Nikikupa huyu kuku na kukuita jina lako, wewe utakuwa huru, na yeye atabaki hapa. Na akibaki nami nabaki. Nisipokupa, anakuja nasi. Siwezi kukuamulia. Wewe una mama yako."

Abdi akasema haraka nichukue kuku. Alisema mama atabebwa, yeye mwenyewe atambeba mgongoni, lakini nichukue. Bibi akamwambia akimbeba leo atarudi kwa miguu yake kesho, na korongo analiona.

Nikalitazama korongo. Migomba mizima ilikuwa inapita. Nikatazama ule ukuta, upande mmoja ulikuwa umeshakaa chini wenyewe. Nikatazama kigae alichokingia maji ya kunywa. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilisikia baridi, baridi ya ndani, na nilitamani sana mtu aniite jina langu kwa sauti.

Lakini hebu fikiria. Mimi mtu wa sayansi, na mbele yangu bibi anazama kwa sababu ya kuku! Nina nafasi ya kutosha. Mwili wangu ni mkubwa, kifua kipana, siku zote nimejihisi naweza kuwa watu wawili. Nikamwambia:

"Mama, panda lori. Mzee anasema umechelewesha watu."

Sijui kwa nini nilimwita Mama wala kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka kuchekesha. Bibi akanitazama, akajifunika uso kwa khanga kidogo, halafu akainuka kama msichana. Akamtia kuku kwapani, akashika mkono wangu, tukavuka. Abdi nyuma yetu akiomba dua kwa sauti. Maji yalimfika Bibi kifuani upande wa mbali na mimi. Upande wangu hayakumfika.

Kwenye lori walituwekea vigoda viwili. Nyumba mpya ni chumba kimoja, udongo bado mbichi, iko kwenye mstari na nyumba nyingine zote, karibu na bomba, karibu na watu. Majirani walikuwa wameshamwashia moto. Bibi akapakua sahani mbili. Nikala moja. Muhogo wa kule ulikuwa bora kuliko wa mlimani. Sijui kule wapi nasema.

Jioni nikamuaga nirudi Korogwe kazini. Akaniambia niende salama, nisisahau njia ya kurudi. Mbwa alinisindikiza hadi barabarani. Amekaa pale, kwa jinsi nilivyomwacha.

Jumatano, 10 Aprili. Korogwe.

Isaka amekuja asubuhi na sukari amefunga kwenye gazeti. Heshima! Amenipa shikamoo, halafu akashtuka mwenyewe kwa kuitoa, maana amenizidi miaka mingi. Akaniomba nikakae mbele ya kamera yake, mara moja tu, apate usingizi. Nikamwonea huruma. Nikakaa mbele ya ndege yake, nikatengeneza masharubu, nikatoa tabasamu la Mombasa.

Amesafisha mchana, akaniita. Ndege imetoka. Kiti kimetoka. Mto wa kiti umebonyea katikati, kama umekaliwa. Basi, ni hivyo tu.

Isaka amefunga studio na kukaa sakafuni. Nilimfariji. Nimemweleza kwamba lenzi yake ina ukungu, ni ugonjwa wa kawaida, na umeme wa Hale nao masika hauna nguvu. Nimemwambia asikate tamaa, si kila mtu amejaliwa jicho. Nimempa kazi ya kunishikia mwavuli wa kamera. Amekubali kwa kutikisa kichwa. Ni mtu mzuri ukishamzoea.

Naye atahitajika, maana habari zimetembea! Adhuhuri limeshuka basi la Handeni, limejaa wazee wa kijiji kipya. Walijipanga mlangoni kwangu kwenye mvua, kimya, vifurushi kwapani. Kila mmoja ameacha mtu huko alikotoka. Yupo aliyemwacha mama yake kwenye shamba la zamani, chini ya miti, anamsikia akipita dirishani. Yupo aliyemwacha kaka yake mwindaji. Yupo bibi aliyewaacha pacha. Wamekuja na nguo. Wanasema kwa Bibi Chausiku jioni wanasikika watu wawili wakizungumza, na Bibi amenenepa, anacheka, na wao nyumba zao mpya ni kimya mno.

Ningewakatalia vipi? Nimewaambia nafasi ipo. Nimewapangia zamu kama hospitali. Pacha nitawakalia kwa pamoja kuokoa filamu. Koti la mwindaji nimelijaribu palepale, limenikaa kana kwamba lilishonwa kwangu, na tangu hapo nasikia harufu ya kila mbuzi wa mji huu.

Nimechora kibao kipya, kikubwa. Nilitaka kuanza na jina langu juu, kwa rangi nyekundu. Nikasimama na brashi kwa muda, rangi ikakauka. Nikaandika STUDIO tu. Inatosha, watu wananijua.

Wa kwanza kesho ni Mzee Mhina, na marehemu mkewe. Ameniletea gauni lake na kilemba. Anasema niwe mwangalifu, alikuwa mwanamke mkali, hakuwahi kukubali kuinuka mahali aliposhakaa.

Nitamweza.